Paul Ehrlich

Paul Ehrlich (Strehlen, leo Strzelin nchini Polandi, 14 Machi 1854 – Bad Homburg, Ujerumani, 20 Agosti 1915) alikuwa daktari na mtafiti Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi. Ndiye aliyezitambua rasmi na kuzipa jina eosinofili, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu, mwaka 1879. Mwaka 1908 alipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Mrusi Ilya Mechnikov kwa kazi yao juu ya kinga ya mwili, na mwaka 1910 dawa yake ya kaswende, Salvarsan, ilianza kuuzwa.

Vitabu vingi humtaja kwa ajili ya Salvarsan tu. Hata hivyo karibu kila alichokifanya kilitokana na wazo moja alilokuwa nalo tangu ujana, yaani kwamba kila kemikali ina mahali pake mwilini inapopenda kushika. Wazo hilo lilianza na rangi za viwandani za kutia nguo, likampeleka kwenye damu, na kutoka damu hadi kwenye dawa, zikiwemo zile zilizotokana na utafiti wa malale, ugonjwa ulioua watu wengi sana katika Afrika ya Mashariki wakati wa uhai wake.

Utoto na masomo

Baba yake, Ismar Ehrlich, alikuwa na nyumba ya wageni na alitengeneza pombe kali. Mama yake aliitwa Rosa Weigert. Familia haikuwa maskini, wala haikuwa ya wasomi wakubwa, ila babu mzaa baba alipenda sayansi na alikuwa na vitabu vingi. Aliyemwathiri zaidi ni binamu yake upande wa mama, Karl Weigert, aliyemzidi umri kwa miaka tisa na ambaye alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza kutumia rangi mpya za kikemikali ili kuona bakteria na seli kwa hadubini.

Alisoma sekondari mjini Breslau (leo Wrocław), halafu tiba katika vyuo vikuu vya Breslau, Strassburg, Freiburg na Leipzig. Kuhama chuo lilikuwa jambo la kawaida kwa wanafunzi wa Ujerumani wakati huo. Hakuwa mwanafunzi wa mfano kwa maana ya kawaida: kukariri kulimchosha, na meza yake ilikuwa imejaa madoa ya rangi. Wakati wenzake walisoma majina ya mifupa, yeye alijaribu rangi moja baada ya nyingine juu ya vipande vya nyama ya wanyama ili kuona ipi inashika wapi. Kwa njia hiyo, kabla hata ya kuhitimu, aligundua seli ambayo ilikuwa haijatofautishwa na nyingine, ile inayoitwa sasa seli ya masti, inayohusika na mzio. Mwaka 1878 alipata udaktari mjini Leipzig kwa tasnifu juu ya nadharia na matumizi ya kutia rangi tishu.

Rangi na damu

Mwaka huohuo wa 1878 aliajiriwa katika hospitali ya Charité mjini Berlin, chini ya profesa Theodor Frerichs. Bahati yake kubwa ilikuwa kwamba Frerichs alimwacha huru. Aliona wagonjwa, lakini muda wake mwingi ulikwenda kwenye damu.

Ili kuelewa alichokifanya, ni lazima kukumbuka hali ilivyokuwa. Tone la damu likiwekwa chini ya hadubini bila rangi, mtu huona seli nyekundu nyingi, na hapa na pale seli chache zisizo na rangi. Mwaka 1846 Mwingereza Thomas Wharton Jones alikuwa ameona kwamba baadhi ya hizo seli nyeupe zina punje ndani yake, zingine kubwa na zingine ndogo. Zaidi ya hapo haikuwezekana kusema mengi, kwa kuwa kwa macho zote zilifanana.

Wakati huo viwanda vya Ujerumani vilikuwa vinatengeneza rangi mpya kutokana na lami ya makaa ya mawe. Mojawapo ilikuwa eosini, rangi ya waridi iliyotengenezwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya vitambaa na wino. Jina lake linatoka kwa Eos, mungu wa kike wa mapambazuko kwa Wagiriki wa kale. Ehrlich alipaka tone la damu kwenye kioo chembamba, akalikausha kwa joto ili seli zisiharibike, kisha akalitia rangi. Aliona kwamba baadhi ya seli nyeupe, chache tu, zilijaa punje kubwa zilizogeuka kuwa nyekundu ang'avu, huku seli za jirani zikibaki bila rangi hiyo.

Mtu mwingine angeweza kuridhika na uzuri wa picha. Ehrlich aliuliza sababu. Alijua kwamba eosini ni rangi ya jamii ya asidi, akaamua kwamba punje hizo lazima ziwe na sifa za upande wa pili, za besi, zinazovuta asidi. Hapo ndipo alipoacha kupanga seli kwa umbo na kuanza kuzipanga kwa kemia. Zile zilizopenda eosini aliziita eosinofili, kwa kuwa sehemu ya pili ya jina ni neno la Kigiriki lenye maana ya kupenda. Zile zilizopenda rangi za besi zikawa basofili, na zile zilizoshika mchanganyiko wa rangi hizo mbili zikawa neutrofili. Mpangilio huo ulitangazwa kuanzia mwaka 1879, wakati yeye ana umri wa miaka 24 na 25, na ndio unaofundishwa hadi leo. Mwanafunzi anayepata shida kukariri majina hayo matatu atasaidika akikumbuka kwamba si majina ya kubuni tu: kila moja linaeleza rangi ambayo seli inashika.

Alitambua pia kwamba eosinofili hutengenezwa katika uboho wa mifupa na kwamba huongezeka katika aina fulani za saratani ya damu. Kuhusu kazi yake, alidhani kwamba punje ni kitu ambacho seli hutengeneza na kukitoa nje. Katika hilo alikuwa karibu sana na ukweli, lakini uthibitisho ulikuja miongo mingi baada ya kifo chake.

Eosinofili katika afya na ugonjwa

Kwa mtu mwenye afya, eosinofili ni chache: kwa kawaida ni kati ya asilimia 1 na 4 ya seli nyeupe zote, na huwa pungufu ya 500 katika kila maikrolita ya damu. Kiini chake huwa na sehemu mbili zilizoungana kwa uzi mwembamba. Huzaliwa ndani ya uboho kwa amri ya protini inayoitwa interlukini-5, huzunguka katika damu kwa saa chache, kisha huhamia kwenye tishu, hasa ukuta wa utumbo, ambako huishi siku nyingi zaidi. Ndiyo maana kipimo cha damu huonyesha sehemu ndogo tu ya zile zilizomo mwilini.

Zile punje zilizomvutia Ehrlich zina protini zenye chaji chanya kubwa, na chaji hiyo ndiyo inayovuta eosini. Ni protini kali. Zikimwagwa juu ya ngozi ya buu la mnyoo huitoboa. Zikimwagwa juu ya ukuta wa mapafu ya mtu mwenye pumu huuchubua. Seli ni ileile na silaha ni ileile, ila mahali tu panatofautiana. Kwa sababu hiyo daktari hawezi kusema kwamba eosinofili nyingi ni jambo jema au baya bila kujua kwanza zimeitwa na nini.

Uhusiano na minyoo ulianza kuonekana Ehrlich akiwa hai. Mwaka 1898 Thomas Brown wa Baltimore, Marekani, alieleza jinsi eosinofili zilivyopanda sana kwa wagonjwa waliopata trikinela, mnyoo unaotokana na nyama ya nguruwe isiyoiva. Mwaka 1932 Wilhelm Löffler wa Uswisi alieleza wagonjwa waliokuwa na kivuli cha muda mfupi mapafuni pamoja na eosinofili nyingi. Baadaye ilijulikana kwamba mara nyingi hali hiyo husababishwa na mabuu ya mchango yanayopita mapafuni kabla ya kushuka tumboni. Katikati ya miaka ya 1970 watafiti waliofanya kazi Nairobi na Cambridge walionyesha kwenye maabara kwamba eosinofili, zikiongozwa na kingamwili, hushika mabuu ya kichocho na kuyaharibu. Kenya haikuwa mahali pa bahati nasibu kwa kazi hiyo: kichocho kilikuwa, na bado kiko, katika mito, mifereji na maziwa ya nchi hiyo, kama ilivyo Tanzania na Uganda.

Hapa kuna jambo ambalo huwachanganya wanafunzi. Si kila kimelea huita eosinofili. Wanaoziita ni minyoo, hasa ile inayopita ndani ya tishu: safura, mchango, kichocho, matende. Vimelea vya seli moja kwa kawaida haviziiti. Katika malaria kali eosinofili hushuka, na huweza kupanda tena mgonjwa anapopona. Amiba na jiadia wanaoishi tumboni pia hawazipandishi kwa kawaida. Kwa hiyo mtu wa Nsemulwa mjini Mpanda, au wa kijiji chochote cha Katavi, anayeambiwa hospitalini kwamba eosinofili zake ziko juu hajaambiwa jina la ugonjwa. Ameambiwa kwamba kuna kitu cha kutafutwa, na mara nyingi utafutaji huanza na choo na mkojo. Kama minyoo haipo, huulizwa habari za pumu, mzio wa ngozi, au dawa alizokunywa siku za karibuni.

Eosinofili zinazokaa juu sana kwa muda mrefu huweza kuudhuru moyo wenyewe. Mwaka 1948 daktari Jack Davies wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa ambao ukuta wa ndani wa moyo hufunikwa na makovu magumu hadi moyo ushindwe kujaa damu. Ugonjwa huo uliwapata vijana na watoto wa Uganda, hasa wa familia maskini. Kwa kuwa makovu yanayofanana hutokea kwa wagonjwa wa Ulaya ambao eosinofili zao zimezidi, watafiti wengine wamedhani kwamba huko Uganda pia chanzo ni seli hizi, labda kutokana na minyoo. Wengine hawakubaliani, na mjadala haujafungwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walizalishwa panya wa maabara wasio na eosinofili hata moja, nao wakaishi. Tangu mwaka 2015 kuna dawa za pumu kali ambazo ni kingamwili zinazozuia interlukini-5, na wagonjwa wanaozitumia hubaki na eosinofili chache sana bila madhara makubwa yaliyoonekana. Kwa wengi dawa hizo bado ni ghali mno, na prednisoloni, dawa ya zamani inayozipunguza seli hizo haraka, ndiyo inayopatikana.

Kifua kikuu na safari ya Misri

Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amepata bakteria wa kifua kikuu. Ehrlich alikuwa katika ukumbi huo. Muda mfupi baadaye alipata njia bora ya kumtia rangi bakteria huyo, kwa kutumia sifa yake ya kutoachia rangi hata akioshwa kwa asidi. Upimaji wa makohozi unaofanywa kwa hadubini ulimwenguni kote unatokana na njia hiyo, ingawa imerekebishwa na wengine na huitwa kwa majina yao.

Mwaka 1883 alimwoa Hedwig Pinkus, wakapata mabinti wawili, Stephanie na Marianne. Miaka iliyofuata haikuwa mizuri. Frerichs alifariki mwaka 1885, na profesa aliyemrithi alitaka Ehrlich ahudumie wodi badala ya kushinda maabara. Mwaka 1888 alikuta bakteria wa kifua kikuu ndani ya makohozi yake mwenyewe, kwa njia yake mwenyewe ya rangi. Alikwenda Misri na mke wake kutafuta hewa kavu, akarudi mwaka 1889 akiwa na nafuu lakini hana kazi. Alifungua maabara ndogo kwa fedha za familia mpaka Koch alipomkaribisha katika taasisi yake mpya ya magonjwa ya kuambukiza.

Mwaka 1891, akiwa na Paul Guttmann, aliwapa wagonjwa wawili wa malaria bluu ya methilini, rangi ambayo alikuwa ameona kwamba hushika vimelea vya ugonjwa huo. Wagonjwa walipata nafuu. Kwinini ilikuwa bora zaidi, hivyo jambo hilo halikuendelea, lakini lilikuwa na maana kubwa kwake: rangi inayoonyesha kimelea inaweza pia kukiua.

Bluu hiyohiyo, ikichanganywa na eosini, ndiyo msingi wa rangi ya Giemsa, iliyokamilishwa mwaka 1904 na Gustav Giemsa wa Hamburg. Slaidi za malaria katika hospitali na vituo vya afya vya Tanzania hutiwa rangi hiyo, na mtaalamu anayetafuta vimelea hukutana na eosinofili zikiwa na wekundu uleule aliouona Ehrlich.

Seramu na nadharia ya kinga

Katika miaka ya 1890 Emil von Behring alikuwa amegundua kwamba damu ya mnyama aliyepewa sumu ya dondakoo kidogokidogo huweza kumkinga mwingine. Tatizo lilikuwa kwamba nguvu ya seramu ilibadilikabadilika, na watoto walikuwa wanakufa. Ehrlich alitafuta njia ya kuipima na kuweka vizio vya kudumu, na hapo ndipo seramu ikawa dawa ya kutegemewa. Behring alipata Nobel ya kwanza ya Tiba mwaka 1901 pamoja na utajiri. Ehrlich alijiona amepunjwa katika makubaliano ya biashara, na urafiki wao ukavunjika.

Kutokana na kazi hiyo alitoa mwaka 1897 nadharia kwamba seli zina viungo vidogo vya kupokea, ambavyo sumu hushika kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli, na kwamba seli iliyoshambuliwa huvitengeneza kwa wingi hadi vingine vinaachiwa ndani ya damu. Hivyo ndivyo alivyoeleza kingamwili. Mengi ya undani wake yamesahihishwa, lakini neno kipokezi limebaki katika kila kitabu cha biolojia. Nobel ya 1908 ilitolewa kwa kazi hii. Kwamba aligawana na Mechnikov kuna maana yake, kwani Mechnikov alifundisha kwamba kinga ni kazi ya seli zinazomeza vijidudu, na wafuasi wa pande hizo mbili walikuwa wamebishana kwa miaka mingi. Eosinofili inayongoja kingamwili kabla ya kumshambulia mnyoo inaonyesha kwamba wote wawili walikuwa na haki.

Mwaka 1899 taasisi aliyoiongoza ilihamishiwa Frankfurt. Mwaka 1906 alipata pia taasisi ya pili kando yake, Georg-Speyer-Haus, iliyojengwa kwa fedha za mjane Franziska Speyer.

Malale na visiwa vya Sese

Malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, ulizuka Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Katika miaka michache uliua watu wasiopungua 200,000 kando ya Ziwa Viktoria, na visiwa vizima vikabaki bila watu. Kimelea chake, tripanosoma, kiliweza kufugwa ndani ya panya wa maabara, na hilo lilimpa Ehrlich nafasi aliyokuwa akiitafuta. Mwaka 1904, pamoja na Mjapani Kiyoshi Shiga, alitangaza rangi nyekundu iliyoponya panya wenye aina fulani ya tripanosoma, nayo ikaitwa tripani nyekundu. Kwa aina nyingine haikufaa.

Wakati huohuo, watafiti wa Liverpool walionyesha mwaka 1905 kwamba atoksili, kemikali yenye arseniki, huua tripanosoma. Robert Koch, aliyetumwa na serikali ya Ujerumani, alifika Amani katika milima ya Usambara mwaka 1906, kisha akavuka hadi visiwa vya Sese upande wa Uganda, ambako wagonjwa walikuwa wengi. Alitibu mamia kwa sindano za atoksili. Mwanzoni matokeo yalionekana mazuri: vimelea vilitoweka katika damu na watu waliolala waliamka. Lakini ugonjwa ulirudi. Koch akaongeza dozi, na zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka kabisa, kwa kuwa arseniki iliua mishipa ya macho. Katika makambi ambayo Wajerumani waliyafungua baadaye, kama vile Kigarama katika nchi ya Kiziba, wengi walikimbia sindano na kurudi makwao. Watawala waliwalaumu kwa ujinga. Ukitazama sindano zenye maumivu, ugonjwa unaorudi na vipofu waliorudi vijijini, uamuzi wa wagonjwa hao ulikuwa na akili yake.

Ehrlich hakuwahi kufika Afrika ya Mashariki, lakini atoksili ndiyo iliyompa kazi ya maisha. Mwaka 1907 yeye na mkemia wake Alfred Bertheim walionyesha kwamba wataalamu wote walikuwa wamekosea muundo wa kemikali hiyo. Muundo sahihi ulikuwa na sehemu zinazoweza kubadilishwa. Maana yake ni kwamba arseniki ingeweza kuvalishwa nguo nyingine, ipende zaidi kimelea na ipende kidogo mwili wa mgonjwa. Ehrlich aliita dawa ya namna hiyo risasi ya kichawi, inayomjua adui wake na kuwapita wengine bila kuwagusa. Taasisi yake ikaanza kutengeneza kemikali moja baada ya nyingine na kuzipa namba. Namba 418 ilionekana kuwa kali dhidi ya tripanosoma, ikapelekwa Afrika kujaribiwa kwa wagonjwa, bila kuwa jibu lililotarajiwa. Wagonjwa wa makoloni hawakuulizwa kama wanakubali majaribio hayo kwa namna ambavyo ingetakiwa leo, na sifa za Ehrlich haziondoi jambo hilo.

Tripani nyekundu nayo haikufa. Kutokana nayo wakemia wa kiwanda cha Bayer walipata, mwaka 1916, suramini, isiyo na arseniki wala rangi. Friedrich Karl Kleine, aliyekuwa na Koch huko Sese, aliijaribu Afrika kuanzia mwaka 1921. Suramini imetumika kwa zaidi ya miaka 100 kutibu hatua ya kwanza ya malale ya aina inayopatikana Tanzania, ambako misitu ya miombo ya magharibi na mbuga zake bado zina mbung'o. Na hapa kuna kinaya kidogo: tripanosoma ni kimelea cha seli moja, hivyo eosinofili, seli iliyompa Ehrlich jina lake la kwanza, haina msaada mkubwa dhidi ya adui aliyempigania zaidi.

Salvarsan

Mwaka 1905 bakteria wa kaswende alitambuliwa mjini Berlin na Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann. Ilidhaniwa ana undugu na tripanosoma, jambo ambalo si kweli, lakini kosa hilo lilileta faida. Mwaka 1909 Sahachiro Hata alifika kutoka Japani, akiwa na ujuzi wa kuambukiza sungura kaswende. Alianza kujaribu upya kemikali zote za rafu, hata zilizokuwa zimewekwa kando. Namba 606, iliyotengenezwa mwaka 1907 na kuonekana haifai, iliwaponya sungura.

Habari zilipotangazwa mwaka 1910, barua zilimiminika Frankfurt. Kabla ya kuruhusu mauzo, Ehrlich aligawa dozi zipatazo 65,000 bure kwa madaktari na kutaka ripoti za wagonjwa. Kiwanda cha Hoechst kiliiuza kwa jina la Salvarsan. Haikuwa dawa rahisi: poda iliharibika ikiguswa na hewa, kuitayarisha kulihitaji uangalifu, na arseniki ilibaki arseniki. Mwaka 1912 alitoa Neosalvarsan, namba 914, iliyoyeyuka kwa urahisi zaidi. Dawa hizo ziliongoza matibabu ya kaswende mpaka penisilini ilipopatikana katika miaka ya 1940.

Maisha ya kila siku

Ehrlich alivuta sigara kubwa bila kupumzika na alitembea na boksi lake kwapani. Aliandika maagizo ya kazi kwa wasaidizi wake kwenye vipande vya karatasi za rangi mbalimbali kila siku, na alikasirika yasipofuatwa. Ofisi yake ilikuwa na marundo ya majarida hadi kwenye viti, hivyo mgeni alikosa pa kuketi. Jioni alisoma hadithi za upelelezi.

Miaka ya mwisho

Salvarsan ilimletea pia maadui. Wapo waliosema kwamba kuponya kaswende ni kuhimiza uzinzi. Wapo waliochukia kwa sababu yeye ni Myahudi. Na wapo waliokuwa na hoja ya kweli, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa walikufa kutokana na matibabu. Mwanahabari mmoja wa Frankfurt, Karl Wassmann, alidai kwamba makahaba walilazimishwa kutumiwa dawa hiyo hospitalini. Suala lilifika bungeni, kisha mahakamani mwaka 1914. Ehrlich alitoa ushahidi, na Wassmann akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Ushindi huo haukumrudishia afya.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka huohuo, aliweka sahihi kwenye tamko la wasomi 93 wa Ujerumani waliotetea mwenendo wa jeshi lao huko Ubelgiji. Ni doa katika wasifu wake, kama katika wasifu wa wengi waliosaini. Desemba 1914 alipatwa na kiharusi. Alifariki tarehe 20 Agosti 1915 huko Bad Homburg, akazikwa katika makaburi ya Wayahudi mjini Frankfurt.

Wanazi walipotwaa utawala waliondoa jina lake kwenye mtaa uliokuwa umeitwa kwa heshima yake. Mjane wake Hedwig alilazimika kuhama nchi kupitia Uswisi na kufariki Marekani mwaka 1948. Baada ya vita jina la mtaa lilirudishwa. Picha yake ilichapwa kwenye noti ya mark 200 ya Ujerumani hadi euro ilipoingia, na taasisi ya serikali inayokagua chanjo na seramu nchini humo, iliyoko Langen karibu na Frankfurt, inaitwa Paul-Ehrlich-Institut.